Animesheni ya kuchora kwa mkono: wazo la dakika moja nitalitoa wapi hapa Kisumu?

Penseli_HB

Habari za jioni wadau. Mradi wetu wa mwisho wa muhula ni animesheni ya sekunde 60. Kila kitu kichorwe kwa mkono kwenye karatasi, tableti hairuhusiwi. Muda ni wiki kumi. Sauti ruksa, mazungumzo hapana. Vifaa nilivyo navyo ni simu ya kawaida, karatasi za A4 na kompyuta ya chuo yenye Krita (programu ya kuchora). Skana hakuna.

Kuchora si shida, shida ni wazo. Sungura na fisi darasa zima limeshawakimbilia, na kazi za mtandaoni nikizitazama sana mkono wangu unaanza kuiga. Kwa hivyo nauliza mambo mawili. Mtu aliye Kisumu aende wapi na atazame nini ili apate wazo linalofaa hasa kuchorwa? Na nitajuaje kama wazo linaenea kwenye sekunde 60 kabla sijamaliza rimu nzima ya karatasi?

---

FremuMbili

Anza na mwendo, hadithi itafuata. Wengi huandika hadithi kwanza, wakija kuichora wanakuta ni watu wawili wamesimama wanatazamana, kitu ambacho kamera ya simu ingekifanya vizuri zaidi. Penseli inafaa pale umbo linapobadilika: kitu kinajikunja, kinapasuka, kinajaa, kinazama, kinageuka kingine.

Nenda soko la Kibuye upande wa jua kali, wanakotengeneza masanduku ya bati na majiko. Simama ambapo humzuii fundi, omba ruhusa, halafu mtazame mtu mmoja tu anayegonga nyundo. Utaona kuinua ni polepole, juu inatulia kidogo, kushuka ni ghafla, kisha nyundo inaruka nyuma. Kwa fremu 24 (picha moja moja za filamu) kwa sekunde, pigo moja laweza kuwa hivi: kuinua fremu 10 (michoro 5, kila mmoja fremu mbili), kutulia juu fremu 4 (mchoro 1), kushuka fremu 2 (mchoro 1, tena uwe umevutwa kama wingu la nyundo, si nyundo safi), kugonga na kuruka fremu 4 (michoro 2). Fremu 20, michoro 9. Ukigawa nafasi sawasawa kati ya michoro hiyo, nyundo itaelea kana kwamba iko chini ya maji. Hilo ndilo kosa namba moja kwenye kazi za wanafunzi, na halitokani na kutojua kuchora. Linatokana na kutotazama.

Kibuye hiyohiyo siku ya Jumapili, soko likijaa, tazama wanaobeba mizigo kichwani. Kwa kawaida mtu akitembea kichwa hupanda na kushuka kila hatua. Mwenye beseni kichwani, mstari wa kichwa unakaribia kunyooka, na kazi yote ya kupanda na kushuka inamezwa na magoti na kiuno. Ukichora beseni likirukaruka kama kichwa cha kawaida, mtazamaji atajua ni tupu hata kama umelijaza viazi. Hatua mbili za kutembea kwa mwendo wa kawaida ni fremu 24, yaani michoro 12, na ukiipata sawa unaizungusha utakavyo.

Dunga, ufukwe wa wavuvi, nayo usiiache, na uende asubuhi mapema. Kuna mashua zinavutwa ufukweni, nyavu zinakung'utwa, na marabu, yale makorongo makubwa yenye vipara, yakingoja matumbo ya samaki. Marabu akitembea ni mzee mwenye koti. Akiruka ni mnyama mwingine kabisa. Mgeuko huo peke yake ni sekunde kumi za filamu. Na kama huna nauli ya kwenda mbali, keti mbele ya fundi cherehani anayetumia mashine ya miguu: kanyagio linakwenda mbele na nyuma, gurudumu linazunguka, sindano inapanda na kushuka, kitambaa kinatambaa. Miendo minne kutoka kwa mguu mmoja.

Namna ya kuchora ukiwa huko: daftari la A5, kalamu ya wino, usibebe raba. Sekunde 30 kwa mchoro, kisha mwingine. Chora tendo lilelile mara 20 badala ya vitu 20 tofauti. Pembeni andika hesabu ("moja-na, mbili-na") ili ujue tendo linachukua muda gani. Video ya simu ichukue pia, lakini angalia kasi yake. Simu nyingi hurekodi fremu 30 kwa sekunde, na baadhi hupandisha na kushusha kasi zenyewe. Ukinakili kila fremu ya video hiyo ukaiweka kwenye mradi wa 24, mwendo utapungua kasi. Kwanza ibadilishe video iwe 24 kamili, ndipo uhesabu.

---

HesabuKwanza

Najibu swali la pili, maana ndilo linaloua miradi.

Sekunde 60 × fremu 24 = fremu 1,440. Kila mchoro ukikaa fremu mbili, ni michoro 720. Ukikaa fremu tatu, ni 480. Tuseme mchoro mmoja, pamoja na kusafisha mistari, unakula dakika 12. Michoro 720 ni saa 144. Kwenye wiki zako kumi, ondoa mbili za mwanzo za kutafuta wazo na mbili za mwisho za kupiga picha, sauti na kusahihisha. Zimebaki sita, yaani saa 24 kila wiki, na masomo mengine yako palepale. Haiwezekani. Lenga michoro kati ya 200 na 300, na wazo ulichague kwa kigezo hicho.

Kwa hiyo uliza wazo lako: ni sekunde ngapi zinaweza kubebwa na mzunguko unaojirudia (mawimbi, mvua, gurudumu, taa)? Ni sekunde ngapi kitu kimetulia? Na ni sekunde ngapi lazima kila mchoro uwe mpya? Hizo za mwisho zikizidi 15, punguza wazo.

Kitu kilichotulia usikiache kabisa, kinaonekana kimekufa karibu na kinachosogea. Kinakili mara tatu kwa mkono, uzungushe nakala hizo kila moja fremu tatu. Mstari unatetemeka kidogo na mchoro unapumua. Nakala mbili hazitoshi, zinapepesa macho.

Kabla ya hayo yote, tengeneza storibodi, yaani mfuatano wa filamu kwa vijipicha 8 hadi 12, upige picha, uzipange kwenye kompyuta kwa urefu halisi pamoja na sauti ya kukisia. Mwonyeshe mtu asiyejua wazo lako. Akiuliza "sasa huyu nani?", rekebisha hapo, kwenye vijipicha, si kwenye mchoro wa 180.

---

Jaber_wa_Hadithi

Naongeza kitu ambacho FremuMbili amekipita. Hadithi za huku si sungura na fisi tu. Chukua Luanda Magere: shujaa wa Waluo mwenye mwili wa jiwe, mkuki haumwingii, lakini nguvu zake ziko kwenye kivuli. Kwa mchoraji hiyo ni zawadi, maana mwili unaweza kutulia (nakala zako tatu) na kivuli pekee ndicho kinachotembea, kinarefuka, kinajificha. Karatasi mbili tu moja juu ya nyingine. Au Simbi Nyaima, lile ziwa dogo la kasoko karibu na Kendu Bay: kijiji kilichofunikwa na maji kwa kumnyima bibi kizee hifadhi usiku wa mvua. Usisimulie yote. Chukua karamu tu, na maji yanayopanda kutoka chini ya fremu, na watu wasioyaona.

Hadithi hizi kila nyumba ina namna yake ya kuzisimulia. Sikiliza masimulizi mawili matatu kwa wazee tofauti, uombe ruhusa kabla ya kurekodi, halafu uchague.

---

FremuMbili

Dada Jaber, hapo tunatofautiana kidogo. Kivuli cha Magere nakikubali, hicho ni mwendo hasa. Lakini bila mazungumzo, mtu asiyeijua hadithi atauona mkuki kwenye kivuli na asielewe kwa nini mtu amekufa. Lazima kwanza umwonyeshe mkuki ukigonga mwili na kuvunjika, angalau mara mbili, ndipo mara ya tatu uende kwenye kivuli. Sekunde 60 zinakwisha hapo.

---

Jaber_wa_Hadithi

Zinakwisha, ndiyo. Na hiyo ndiyo filamu: mikuki miwili inavunjika, wa tatu unachoma ardhi. Sioni kilichopungua.

---

NyuziNane

Mmesahau sauti, na mara nyingi wazo linatoka huko. Kama kuna mpiga nyatiti (ala ya nyuzi nane ya Waluo) karibu nawe, mrekodi kwa ruhusa yake, na mwandike kwenye majina ya mwisho wa filamu. Mpigaji huvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, oduong'o, anagonga nayo ukingo wa ala huku anapiga nyuzi. Pigo hilo ni kavu na linaonekana wazi kwenye mawimbi ya sauti ukifungua Audacity, programu ya kuhariri sauti. Kila pigo linakuwa alama ya kitu kutokea kwenye picha. Ngoma za isukuti za Kakamega nazo zinavutia, ila zimejaa midundo mingi kwa pamoja. Kwa mradi wa kwanza zitakusumbua kuhesabu.

Hesabu ya mdundo: gawa 1,440 kwa idadi ya midundo kwa dakika, unapata fremu kwa kila mdundo. 120 inatoa fremu 12. 90 inatoa 16. 80 inatoa 18. 144 inatoa 10. Zote hizo zinagawanyika kwa mbili, kwa hiyo michoro ya fremu mbilimbili inaangukia mdundo bila shida. 100 inatoa 14.4, hapo utakuwa unafukuza mdundo filamu nzima. Mpigaji wa kweli haendi kama saa ya ukutani, basi pima vipande vyake halisi, usimlazimishe. Na tendo likitangulia sauti kwa fremu moja au mbili huonekana sawa. Likichelewa, kila mtu ataona.

---

Penseli_HB

Ero kamano sana wakubwa. Nimekaa na hesabu hizi na wazo moja limeanza kusimama: wavuvi wa omena (dagaa) usiku, upande wa Mbita. Mashua inaondoka jioni, karabai inawashwa, taa moja inakuwa nyingi hadi ziwa linafanana na mji, wavu unavutwa, alfajiri taa zinafifia. Bila mtu kusema neno. Linaenea?

Na usiku nitauchoraje kwa penseli bila kupaka karatasi yote nyeusi? Pia karatasi zangu zinacheza nikizipanga, picha inarukaruka.

---

HesabuKwanza

Linaenea. Hebu tuligawe.

Mashua kuondoka, sekunde 12: mzunguko wa kasia michoro 8. Mashua yenyewe ikate kwa mkasi na uisukume juu ya mandhari milimita 2 kila picha. Muulize mhadhiri kama vipande vya kukata vinakubalika, vyuo vingine havitaki.
Kuwasha karabai, sekunde 8: mkono, pampu, utambi kung'aa. Michoro kama 60, sehemu nyingine zimetulia. Usitumie taa ya kisasa ya kubonyeza hata kama ndiyo wengi wanayo sasa, kubonyeza hakuna mwendo.
Taa nyingi, sekunde 20: michoro 19, naeleza chini.
Kuvuta wavu, sekunde 12: mzunguko wa kuvuta wa sekunde 2 (michoro 24) mara tatu, kisha sekunde 6 za wavu kupanda na samaki, michoro 72. Jumla 96.
Alfajiri, sekunde 8: michoro 20.

Jumla ni 203. Zidisha kwa dakika 12, ni kama saa 41. Karatasi za rasimu na za kuharibika zitazidi za mwisho, kwa hiyo rimu moja inatosha na kubaki kidogo.

Zile taa: mwanga wake majini ni mkanda mrefu wa wima unaokatikakatika. Chora mizunguko mitatu tofauti, mmoja wa michoro 4, mwingine 5, mwingine 7. Kila mchoro fremu tatu. Kwa kuwa urefu haulingani, mizunguko hiyo mitatu hairudi mahali pamoja hadi fremu 420, yaani sekunde 17 na nusu. Kwa michoro 16 umepata ziwa ambalo jicho halioni likijirudia. Ongeza nakala tatu za mashua iliyotulia, ndiyo 19. Ukiwa na mzunguko mmoja kwa taa zote, ziwa zima litapepesa kwa pamoja kama tangazo la dukani.

---

FundiKaratasi

Omera, karatasi kucheza ni suala la matundu. Panchi ya kawaida ya matundu mawili hutoboa kwa umbali wa milimita 80 kati ya vitovu, tundu la milimita 6 hivi. Mpe seremala kipande cha ubao kama rula, apachike vijiti viwili laini vya mbao kwa umbali huo, virefu milimita 8 juu ya ubao. Mpelekee karatasi uliyokwisha kuitoboa, apime kwayo, asipime kwa rula peke yake. Usitumie bolti, nyuzi zake zinakula tundu, na baada ya kuvaa na kuvua mara chache karatasi inaanza kucheza tena. Tumia panchi ileile mwanzo hadi mwisho, karatasi tano kwa mpigo. Ukiweka ishirini, za chini zinasogea. Toboa upande mrefu wa chini.

Kabla ya kuchora lolote, weka mpaka wa picha: milimita 256 kwa 144, hiyo ni 16 kwa 9 na inakaa ndani ya A4 iliyolazwa na nafasi ya kuandika namba. Namba ni lazima, herufi ya onyesho na namba ya mchoro, mfano D-14, nje ya mpaka. Feni ikipuliza rundo lisilo na namba, utajuta.

Kuona mchoro wa chini: kioo cha dirisha cha milimita 4 kutoka duka la vioo, waambie wasage kingo. Chini yake bandika karatasi ya kunakilia ramani ili mwanga usambae, balbu ya LED sentimita 15 chini, ndani ya boksi. Balbu ya zamani ya joto itakunja karatasi. Stima ikipotea mchana, bandika ubao wako kwenye dirisha.

Usiku: chora kawaida, mistari myeusi kwenye karatasi nyeupe, kisha kwenye Krita geuza rangi kwa Ctrl+I. Karatasi inakuwa usiku, penseli inakuwa mwanga. Ila kabla ya kugeuza, fungua viwango vya mwangaza (Levels) kwa Ctrl+L na uvute upande wa mweupe hadi rangi ya karatasi ipotee kabisa, thamani ileile kwa picha zote za onyesho. Usipofanya hivyo, kivuli kidogo kwenye karatasi kitakuwa ukungu wa kijivu unaorukaruka kila fremu. Na mkono wako uwekee karatasi safi chini yake unapochora, maana kila alama ya kiganja itageuka wingu linalong'aa.

Kupiga picha: simu ifungwe juu, ielekee chini wima kabisa, iwe mbali kidogo na ukuze badala ya kuikaribia, la sivyo kingo za karatasi zitapinda. Funga fokasi, mwangaza na rangi, visijibadilishe vyenyewe. Taa mbili zinazofanana, kila moja upande wake kwa nyuzi 45, pazia limefungwa. Mwanga wa dirishani hauaminiki, wingu moja likipita onyesho lote linapepesa. Stima yetu ni hezi 50, kwa hiyo kama simu inakuruhusu kuchagua kasi ya shata, weka 1/50 au 1/100, zingine nyingi zinaleta mistari na mabadiliko ya mwanga. Bonyeza kwa kitufe cha sauti cha earphone za waya, kwenye simu nyingi kinapiga picha, ili usiitikise simu. Onyesho moja ulimalize kwa kikao kimoja.

---

NyuziNane

Kabla ya kupanda gari kwenda Mbita angalia mwezi. Taa za omena zinafanya kazi kwenye giza. Mwezi ukiwa mpevu nuru yake inashinda karabai na wengi hawatoki. Nenda siku za mwezi mwandamo, utazame kutoka ufukweni. Usipande mashua usiku kwa ajili ya michoro, na usisimame majanini ukingoni gizani, kiboko hatoi taarifa. Rekodi pia pampu ya karabai na maji yakigonga mbao. Hizo mbili zinatosha kuwa sauti ya nusu ya filamu.

---

Penseli_HB

Nimepata. Nianze na onyesho la kwanza au?

---

FremuMbili

Hapana, anza na la wavu. Ndilo lenye michoro 96 na ndilo pekee linalokuhitaji ujue mwili. Wanaovuta wavu hawatumii mikono tu, mgongo unatangulia, uzito unahama kutoka mguu mmoja hadi mwingine, na mashua inainama kwa upande wao kila wanapovuta. Chora ule mzunguko wa sekunde 2 kwanza, penseli tupu bila kusafisha, upige picha siku hiyohiyo na uutazame ukijirudia mara kumi. Wavu ukionekana mwepesi, ongeza fremu kwenye kuvuta na upunguze kwenye kuachia. Ukikushinda kabisa, kata sekunde 6 za wavu kupanda, uziongeze kwenye taa.